Mpangaji wa Chumba cha Jiwe

Injinia hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kushika ukuta kwanza. Alifika mlangoni, akaweka kiganja cha kushoto juu ya plasta, akatulia, ndipo akapiga hodi. Mgeni asiyemjua alidhani mzee wa watu amechoshwa na kilima. Sisi tuliomjua tulisubiri. Akiuondoa mkono taratibu na kusema, "Hodi wenyewe," basi salama, atakula na atakunywa. Akiuondoa ghafla, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, haingii. Atasimama uani, ataulizia hali za watoto, na atasema ana haraka, chai ataikuta siku nyingine. Nyumba ambazo alikataa kuingia nazikumbuka zote, na hata leo nikipita Mabatini huwa nazunguka ili nisizipitie karibu.

Alikuwa mpangaji wetu. Chumba chake kilikuwa cha nyuma kabisa, kile ambacho marehemu baba alikijenga kwa kubana matumizi: kuta tatu za tofali na ukuta wa nne jiwe lenyewe. Mtu wa Mwanza haulizi hapo. Kwetu mawe ni makubwa kuliko nyumba, yamebebana mlimani tangu dunia iumbwe, na mtu akipata upenyo kati ya jiwe na jiwe anachomeka chumba, anaweka bati, anatafuta mpangaji. Jiwe letu lilikuwa jeusi, na lilitunza joto la jua mpaka usiku. Juu yake lilikaa jingine, kubwa zaidi, ambalo Mama na mdogo wake walipenda kuanikia dagaa.

Wapangaji hawakudumu katika chumba kile. Wa kwanza alihama akisema kuna mtu nyuma ya jiwe ananong'ona. Wa pili hakusema kitu, alihama tu, na godoro akaliacha. Injinia alipokuja kukiona, aliegemeza sikio kwenye jiwe, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka Mama akaanza kunitazama mimi. Kisha akajinyoosha na kusema, "Nakichukua, Mama." Mama alifurahi kupata msomi nyumbani. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikichukua kwa sababu ileile iliyowakimbiza wenzake.

Kazi yake aliiita utafiti, neno ambalo mtaani kwetu lilikuwa geni kidogo. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu anauza, kila mtu anajenga. Viwanda vya minofu vilikuwa vinafunguliwa ufukweni, magugu maji yalikuwa yamelifunika ziwa kiasi kwamba ungedhani ni malisho, na mji ulipanda mlimani kwa kasi ya ajabu. Injinia alikuwa ametumwa kujua maji ya mji yanaenda wapi. Yanavutwa ziwani mengi, yanafika majumbani machache. Katikati hapo yanaliwa na nani? Wakubwa zake walitaka jibu la wizi, mabomba ya magendo na mita zilizochezewa. Yeye jibu hilo lilimchosha. "Maji hayapotei," alikuwa akisema. "Yana pa kwenda. Ni sisi ambao hatujaambiwa."

Halafu ofisini wakapunguza watu, na utafiti wenyewe ukafutwa kwa kukosa mfadhili. Wenzake walifungua maduka ya vifaa vya ujenzi, wengine wakafuga kuku. Yeye aliendelea kuamka asubuhi, kuvaa shati lililopigwa pasi, kuchukua fimbo yake na kutoka, kana kwamba hakuna aliyemwambia.

Fimbo hiyo lazima niieleze. Ilikuwa nondo nyembamba, ndefu kufika begani kwake, iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, na kichwani imechomekwa kibao cha mviringo. Alichomeka ncha ardhini, akaweka sikio kwenye kibao, na akamsikiliza bomba aliyelala chini ya udongo. Nasema akamsikiliza kwa makusudi, maana yeye mwenyewe alizungumza hivyo. Bomba lenye afya alisema amelala. Linalovuja alisema anakohoa. Mtaa mzima ulinyamaza akiwa kazini. Wanawake walishusha ndoo, anayetwanga aliacha mchi. Siyo heshima tu. Kuna kitu katika sura ya mtu mzima aliyefumba macho na kusikiliza ardhi ambacho kinakufanya na wewe usitake kusikika.

Sisi tulikuwa watu wa Ukerewe, Mama na mdogo wake wakitokea Nansio, na Injinia alikuwa Mhaya wa Kagera, Mlutheri wa kuimba tenzi huku akinyoa ndevu. Mama mdogo, ambaye hakumwogopa mtu, alimwita Nshomile, lile jina la kuwatania Wahaya kwa usomi wao, mbele ya uso wake.

"Nshomile, mchumba wako leo kasemaje?" alimwuliza kila asubuhi, akimaanisha jiwe.

"Anakusalimia. Anasema una kelele."

"Mwambie ni wivu."

Walikuwa hivyo. Mama, ambaye katika kusema l na r zilimchanganya kama mapacha, aliguna tu jikoni: "Hawa watu wawiri, siku moja watatuaibisha." Injinia alikuwa na mkono wa birika, nakwambia ukweli, sukari yake aliifungia sandukuni. Lakini senene wa kwao walipofika kutoka Bukoba, kopo zima lilikwenda kwa Mama mdogo, na sisi wengine tulionjeshwa.

Alikuwa na vituko vingine visivyopatana. Alikuwa mtu wa maji na hakujua kuogelea. Nansio hakukanyaga kamwe, kwa sababu ya kivuko. Alisema maji ya juu ya ardhi hayana adabu, hayakai ndani ya kitu. Redio aliichukia. Mama alikuwa na kiredio chake cha mbao, na Injinia akiingia ukumbini alikizima bila kuomba ruhusa, yeye ambaye hata kiti alikuwa hakalii bila kuombwa. "Nyumba inataka kusema, Mama, na sisi tunaipigia ngoma." Na alikuwa akiwaonya watu wasijenge chini ya mawe, huku yeye mwenyewe amelala chini ya jiwe kubwa kuliko yote ya upande ule.

Hilo nilimwuliza mwenyewe. Nilikuwa nasoma bweni, nyumbani nakuja likizo, na likizo moja maji yalikuwa yamekatika mlima mzima. Bomba la uani lilikuwa kavu, ndoo zimepanga foleni mpaka barabarani. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameinama na fimbo yake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Njoo usikie."

Niliweka sikio. Mwanzoni ni mapigo ya moyo wangu tu. Kisha nikayasikia. Maji yalikuwa yakitembea chini yetu, polepole, kama mtu anayeburuta ndala chumba cha pili. Yalisimama. Yakaanza tena.

"Lakini mabomba yamekauka," nilisema.

"Yamekauka."

"Sasa haya ni maji gani?"

"Hayo ndiyo niliyohamia hapa kuyatafuta," alisema. "Kuna bomba mlima huu halipo kwenye ramani yoyote. La zamani, la wakoloni pengine. Kuna mtu, wakati fulani, ameliunganisha na tangi la juu bila kujua. Tangi likijaa linamwaga huku ndani, na likifungwa yale yaliyobaki yanaendelea kujichuja. Yanapita kwenye udongo ambao mawe haya yamekalia." Akapiga jiwe letu kofi dogo, la kirafiki. "Na jiwe halina mizizi, mwanangu. Limekaa tu."

Alikuwa ameshawaeleza wakubwa zake, akaambiwa asubiri mfadhili. Aliwaeleza waliokuwa wanajenga juu yetu, watu wa fedha mpya, wakamwambia ana wivu. Mmoja alimwuliza mbele ya mafundi wake kama shahada yake ilikuwa ya uhandisi au ya uganga. Mafundi walivunjika mbavu. Neno lile lilimwingia Injinia. Kwa siku kadhaa hakuimba.

Nadhani ndilo lililomletea wazo la vioo.

Ukutani chumbani mwake, pale tofali zilipokutana na jiwe, kulikuwa na ufa. Ulikuwa ufa wa kawaida, upana wa uzi. Injinia alikwenda kwa fundi vioo, akakatiwa vipande vyembamba vya urefu wa kidole, akavigandisha juu ya ufa kwa saruji, mguu huku na mguu huku. Aliweka kimoja kwetu, na vingine katika nyumba chache zilizomkubalia. Alikiita shahidi. Alituita wote watatu tukione, akaeleza kwa utulivu wa kimwalimu: tofali likisogea, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, kioo hakiwezi kuvutika. Kitavunjika. Kikivunjika, tunatoka.

"Na kisipovunjika?" aliuliza Mama.

"Tunalala."

Mtaa haukuvipenda vioo vile. Jua la jioni liliingia kwa dirisha la chumba cha jiwe na kukimulika kile chetu, nacho kikarusha alama ndogo ya mwanga juu ya jiwe, alama iliyotembea kidogokidogo kadiri jua lilivyoshuka. Majirani waliiona kutoka nje. Walisema Injinia amefunga kitu ndani ya jiwe, au anakiita. Mwanamke mmoja aliyewekewa kioo alikibandua akakitupa chooni, kisha akaita padri. Mama mdogo alicheka. Mama hakucheka, ila alikifuta vumbi kila Jumamosi, kwa heshima ya mwenyewe.

Sasa nifike kwenye mvua ile.

Ilianza mapema mwaka huo na ilinyesha kwa hasira. Nilikuwa nyumbani. Injinia aliacha kula. Alikaa na sahani magotini, kichwa kimeinama upande, na wali ukapoa. Alitoka na kuingia, akashika ukuta wa ukumbi, ukuta wa jikoni, akarudi chumbani mwake na kufunga mlango. Mama mdogo alimtania na yeye hakumjibu. Hilo lilinitisha kuliko mvua.

Asubuhi moja alitukalisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyumba hii inanitia wasiwasi, Mama. Nasikia kitu sijawahi kukisikia. Maji hayatembei tena, yanakimbia. Nafikiri mngeenda Nansio mpaka mvua ipite."

Mama aliweka chini kikombe. "Na kioo chako, Injinia, kinasemaje?"

Alisimama, tukamfuata chumbani. Kioo kilikuwa pale, kizima, safi, hakina hata mkwaruzo. Alikigusa kwa ukucha. Alikikaribia mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Nilimwona anavyotaka kivunjike mbele yake, na anavyoogopa.

"Si unaona," Mama alisema kwa upole. "Kizima."

"Mimi naamini sikio lako kuliko hicho kikioo," alisema Mama mdogo. Huo haukuwa utani. "Ukisema tutoke, tunatoka."

Injinia alimtazama kwa muda. Kama kuna kitu ningeweza kukirudisha duniani, ningerudisha dakika ile. "Sikio ni langu peke yangu," alisema hatimaye. "Kioo ni cha kila mtu. Nikiwatoa nyumbani kwenu kwa sikio tu wakati shahidi anasema hapana, basi mimi ni mganga kama wanavyosema." Akaufunga mlango wa chumba, akaenda kukaa uani mvuani, fimbo magotini.

Jumapili jua lilitoka. Mama alikuwa misa ya pili, Injinia alikuwa kwenye ibada yao Walutheri. Mama mdogo alikuwa amesali misa ya kwanza, akarudi, akafunga khanga kiunoni na kuanza usafi. Jumapili ndiyo siku aliyokifagia chumba cha Injinia, kwa sababu mwenyewe hayupo kumzuia. Mimi nilikuwa naosha vyombo uani. Nilimsikia akiimba mle ndani, ule utenzi wa Injinia wa kunyolea ndevu, anaubananga makusudi.

Bomba la uani lilikuwa kavu tangu katikati ya wiki. Lilikohoa. Nakumbuka niligeuka kulitazama, nikifurahi kwamba maji yanarudi. Likakohoa tena, likavuta pumzi ndani, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kupiga kelele. Kuku walinyamaza. Mama mdogo naye alinyamaza katikati ya mstari, na nadhani alikuwa amesikia kitu na anasikiliza.

Jiwe halikuanguka. Watu wakisimulia wanasema lilianguka, wanatia chumvi. Lilikaa. Lilisogea mbele kidogo tu na kukaa chini, bila haraka, kama mtu mzima anavyojiweka kwenye kiti, na chumba kile hakikuwepo tena.

Walimtoa jioni. Sitaeleza.

Nitaeleza kitu kingine, maana ndicho kilichomwondoa Injinia Mabatini. Alirudi kutoka kanisani akikimbia, kitabu cha tenzi kwapani. Wanaume walikuwa wanachimba kwa majembe na kwa mikono. Yeye naye alipiga magoti kwenye kifusi akaanza kuchimba, lakini si pale walipokuwa wakichimba wao. Alikuwa anachambua tofali moja moja, anaigeuza, anaitupa. Alikuwa anatafuta kioo. Alitaka kujua. Mtu ambaye kila alichokiamini kimelala chini ya jiwe pamoja na mwanamke aliyempenda, alitaka kujua kama shahidi wake alimdanganya. Mimi leo naelewa. Siku ile umati mzima ulimwona mtu anayeacha maiti na kutafuta hirizi yake.

"Anatafuta dawa yake!" sauti ilisema. Nyingine ikadaka. Wakasema vioo ndivyo vilivyoliita jiwe. Wakasema alilala nalo miaka yote hiyo akilisomea. Yule aliyeita padri alikuwa wa mbele kabisa. Walimvuta kwa shati. Alikuwa amepata kipande cha tofali chenye saruji yake, lakini kioo kilikuwa kimesagika, unga tu, na unga hauwezi kukwambia ulivunjika lini.

Mama alikuwa amesimama pale pale, khanga kichwani, na Injinia alimgeukia. "Mama, wewe ulikifuta jana. Kilikuwa kizima?"

"Kirikuwa kizima," alisema Mama.

Injinia aliondoka siku hiyohiyo na nguo alizovaa, na fimbo tu, kwa sababu aliiacha uani asubuhi. Hakuja hata mazikoni. Nilimchukia kwa hilo kwa miaka, na niliona nina haki.

Sisi tulirudi Nansio. Mimi nilimaliza chuo cha ualimu nikapata shule kisiwani hukohuko, nikamtunza Mama. Hakuwa tena mtu wa kupika na kuguna. Alikuwa akikaa kibarazani mikono imefungamana, na kitu cha kioo kikidondoka ndani, glasi au chupa, alikuwa anatetemeka mwili mzima. Niliona ni majonzi. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mchana mmoja aliniomba nifunge mlango.

"Vile vioo nilivibadilisha mimi," alisema.

Sikumwelewa. Akaeleza, na alikuwa ametulia. Cha kwanza alikikuta kimekatika katikati, muda mrefu kabla ya mvua. Alidhani ni mdogo wake na fagio lake. Aliona aibu. Mpangaji mtu wa heshima ameweka kitu chake ndani ya nyumba yako, amekukabidhi, nawe unakivunja? Sisi tulilelewa hivi: kitu cha mtu kikivunjika kwako, unakirudisha kabla hajauliza, wala humwambii, ili asione haya kwa ajili yako. Alikwenda kwa fundi yuleyule na kile kilichovunjika mkononi, akakatiwa kingine kama hicho. Saruji iliyobaki ilikuwa kwenye kopo chini ya kitanda. Alikigandisha vizuri, akakifuta.

"Na alichotuambia, Mama? Kwamba kikivunjika tutoke?"

"Nirimsikia," alisema. "Rakini mwanangu, niliona ni fagio. Cha pili pia niliona ni fagio. Nikamgombeza mwenzangu, akaapa hajakigusa, nikasema mwongo. Cha tatu ni juma lile la mvua. Hapo nilijua. Nilijua, na nilishavibadilisha viwili, ningemwambiaje?" Alifunga macho. "Mtafute. Mwambie aliyekidanganya kioo ni mimi."

Nilimzika Mama, kisha nikapanda kivuko kwenda kumtafuta. Haikuwa kazi. Kanisani kwao walinielekeza Pasiansi, kwa binti yake aliyehamia kutoka Bukoba na kujenga.

Ilikuwa nyumba nzuri, ya tofali za saruji, rangi mpya ya maziwa, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Niliisikia kabla ya kuiona, kwa sababu ya redio. Ilikuwa inapiga kelele mpaka barabarani. Injinia alikuwa sebuleni amekaa ubavuni pa redio, karibu kabisa, mzee ghafla, amekonda. Binti alikuwa kazini. Wajukuu wawili walikuwa wanachora kwa chaki sakafuni. Niliinua macho nikaona pazia la dirishani limeninginizwa kwenye nondo nyembamba inayong'aa.

"Shikamoo, Baba."

Alinitambua mara moja. "Marahaba." Mkono wake ulikuwa baridi. Alinimiminia chai mwenyewe, akipiga makelele ili nimsikie. Aliniuliza hali ya Mama, nikamwambia tumemzika, akainamisha kichwa. Redio ilikuwa inatangaza bei za pamba.

"Siku hizi unaipenda redio," nilisema.

"Inaziba," alijibu. Akagusa sikio lake. "Hili ni bovu, mwanangu. Tangu kule kwenu. Linasikia vitu visivyokuwepo. Kioo kizima, na lenyewe linapiga mayowe! Sikio la namna hiyo si la kuliamini. Hata hapa linanisumbua, usiku na mchana, basi naliwekea redio. Binti yangu ananivumilia."

Nilinyoosha mkono kupunguza sauti. Aliushika.

"Iache."

"Nina neno la Mama, Baba. Sitaki kulipigia kelele."

Aliuachia mkono wangu pole pole. Nikapunguza redio, na nikamwambia yote: la fagio, la fundi vioo, la kopo la saruji chini ya kitanda. Nilitazama chini nikisema. Nilipoinua uso alikuwa ametulia kabisa, kinywa wazi kidogo.

"Kwa hiyo vilivunjika," alisema.

"Vitatu, Baba. Vyote kabla."

"Na mimi nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unasikia."

Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. "Alisema ananiamini mimi kuliko kioo," alisema. "Alisema, tukiambiwa tutoke tunatoka." Hakulitaja jina lake wala mimi sikulitaja. Nililia naye, na kwa mara ya kwanza tangu ule msiba sikulia kwa hasira. Nilijisikia mwepesi, nikaona nimemaliza nilichotumwa. Nikavuta kikombe changu.

Injinia alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anaitazama redio. Ilikuwa bado inanong'ona bei za pamba. Alinyoosha mkono mwenyewe, akazungusha kile kitufe mpaka kikalia, na nyumba ikawa kimya.

Alikaa hivyo, kichwa kimeinama upande. Niliufahamu mkao ule, nikaweka kikombe chini. Kisha alisimama, akaenda dirishani, akaivuta ile nondo na pazia likaanguka lote chini. Watoto walicheka. Aliisimamisha sakafuni katikati ya michoro yao, akaweka sikio, akafumba macho. Hakusikiliza kwa muda mrefu. Alikwenda ukutani, ule wenye rangi mpya ya maziwa, akaweka kiganja cha kushoto, na akakiondoa ghafla.

"Wabebe watoto," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemkaribisha mgeni upepo wa nje. "Tukakae uani kidogo."

Nilimshika mdogo, yeye akamshika mkubwa mkono. Nilinyoosha mkono kuchukua mkoba wangu uliokuwa kwenye kiti.

"Uache."

Tulisimama nje, mbali, karibu na lango. Ziwa lilikuwa limetulia. Nyumba ya binti yake ilikuwa mbele yetu, nzuri, madirisha yote mazima, dirisha moja tu halina pazia. Mjukuu alilalamika kwamba chaki yake imebaki ndani. Nilitaka kumwuliza Injinia kama ana uhakika. Sikumwuliza, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kuyasikia maji.